Mpaka Uone Mbao Safi

Shuleni, Olenguruone
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Baba,

Leo tumepewa saa moja ya kuandika barua, na wenzangu wote wanaomba sabuni na sukari. Mimi sina la kuomba ila jibu moja. Mistari hii niliiandika kwanza nyuma ya daftari, nikaifuta, nikaiandika tena. Ndiyo maana hati ni safi.

Krismasi uliondoka mezani mara tatu kabla ya kuku kuisha. Mshipi wako una tundu jipya ulilotoboa kwa msumari, na ni la pili tangu Agosti. Mama akisema umekonda, unamwambia ni kazi. Lakini kazi yako ni ile ile tangu nizaliwe: kusimama mwisho wa msumeno pale kiwandani Elburgon, kutazama kila ubao unaotoka, na kuuandikia gredi yake kwa chaki ya buluu. Haijawahi kukukondesha.

Juzi Madam Cherop, mwalimu wetu wa bayolojia, alitufundisha kuhusu utumbo mpana. Alisema kuna saratani inayoota humo polepole, kwa miaka, na mtu huiita bawasiri mpaka siku inapoziba njia. Alisema pia kwamba ikipatikana mapema daktari huikata, na wengi hupona. Neno hilo la mwisho nililipigia mstari kwa rula.

Najua kwetu msichana hamuulizi babake mambo ya chooni. Shangazi Joyline angenipiga kofi. Nauliza kwa karatasi ili usinione uso, nami nisikuone. Baba, ukienda haja kubwa, kuna damu?

Barua hii utaletewa na Maxwel, aliyekuja na lori la mbao za bweni jipya. Atarudi huku shuleni Jumamosi ijayo. Mpe jibu.

Mwanao mtiifu,
Immaculate Nangila Sitati
Kidato cha Tatu


Elburgon
15 Februari 2025

Mama,

Wewe una jina la mamangu, ndiyo maana nakuita hivyo tangu ukiwa mgongoni. Lakini hata mamangu mwenyewe hakuwahi kuniuliza swali kama hilo.

Nimeisoma barua yako nyuma ya rundo la mbao. Maxwel akaniuliza, "Mzee wa gredi, ni barua ya mapenzi?" Nikamwambia inatoka kwa mwalimu mkuu, na yeye arudi kwenye lori lake.

Hakuna damu. Ni bawasiri ya kusimama miaka thelathini na moja. Kuna mzee ananipa mizizi kutoka msitu wa Mau, ni michungu, kwa hiyo inafanya kazi. Wewe soma.

Leo umekuja mti mmoja wa msaipresi, kwa nje mzuri kabisa, ndani kiini kimeoza. Vijana walitaka kuupasua hivyo hivyo. Nikawaambia: kateni mpaka muone mbao safi, kisha kateni futi moja zaidi, ndipo mpime. Mwenye kiwanda alinuna. Anune tu. Ubao wenye chaki yangu haujawahi kurudishwa na fundi yeyote, kuanzia hapa hadi Nakuru. Hilo ndilo jina letu, nawe usiliangushe.

Babako,
Sitati


Nakuru
19 Machi 2025

Imma mwanangu,

Kaa chini kabla ya kusoma. Babako yu hai.

Tarehe tano alianguka kiwandani. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, na siku nne alikuwa hajaenda choo, wala hakumwambia mtu. Maxwel alimlaza kwenye lori akatushusha Nakuru. Daktari wa upasuaji ni mwanamke, anaitwa Jepkemei, mdogo hata nikadhani ni mwanafunzi. Aliniambia, "Mama Imma, utumbo umeziba kabisa. Tukingoja utapasuka. Naomba sahihi." Nikatia sahihi.

Walikaa naye ndani saa nne nzima. Wametoa kipande cha utumbo chenye uvimbe, kirefu kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Maabara imejibu jana kwamba ni saratani. Ncha zote mbili za kile kipande ni safi, hazina ugonjwa. Lakini walitafuta pia tezi ndogo ndogo zilizotoka nacho, wakapata kumi na sita, na mbili kati yake zina ugonjwa. Kwa hiyo akipata nguvu itabidi atiwe dawa, kila baada ya wiki tatu, kwa miezi sita.

Kuna jambo moja babako amenikataza kukuambia. Sisemi. Likizo ya Aprili utaenda Kitale kwa shangazi Joyline. Usilie, na usiulize.

Mama yako,
Eucabeth


Shuleni, Olenguruone
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa Baba,

Nimerudi kutoka Kitale. Shangazi alinitunza vizuri, lakini wiki tatu nzima nilihesabu ni njia gani ingenifikisha Elburgon bila yeye kujua. Sikuthubutu.

Nimejiuliza ni kwa nini hukutaka nije nyumbani. Nadhani ni lile swali langu. Kama ndilo, naomba msamaha kwa kuuliza. Siombi msamaha kwa kutaka kujua.

Madam Cherop ameniazima kitabu chake cha chuoni. Nilipofika kwenye upasuaji wa utumbo mpana nilicheka peke yangu maktabani mpaka Shiko, jirani yangu wa dawati, akauliza kama nimepata barua ya mvulana. Baba, wanafanya unavyofanya wewe! Daktari hakati uvimbe tu. Anakata mpaka kwenye utumbo usio na ugonjwa, halafu anaongeza sentimita kadhaa kila upande, na kile kipande kinapelekwa kwa mtu mwingine ambaye kazi yake ni kukagua ncha. Yaani hospitali nayo ina mtu wa gredi. Niliposoma hapo nilijiona mtoto wa daktari.

Siku ya wazazi ni Jumapili, tarehe mosi Juni. Njoo. Nimekuwa wa pili katika bayolojia, na wa kwanza amenizidi alama moja tu.

Mwanao,
Immaculate


Shuleni, Olenguruone
Jumapili, 1 Juni 2025, jioni

Kwa Baba,

Mama alikuja peke yake. Alileta chapati kumi na mbili, nami nilikula moja.

Nilimuuliza, "Baba ametiwa dawa mara ngapi?" Akafunika chapati. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mara moja, mwishoni mwa Aprili." Nikamwambia, "Kufikia leo zingekuwa mbili, na wiki hii angejiandaa kwa ya tatu." Akasema, "Imma, mimi nimeongea naye mpaka sauti ikaisha. Anasema ncha zilikuwa safi. Anasema ukishakata ukaona mbao safi, kazi imekwisha."

Wasichana wengine walikuwa wanapiga picha na baba zao kando ya maua. Sikuwaonea wivu wa picha. Niliwaonea wivu kwa sababu baba zao wakiulizwa swali hujibu.

Immaculate


Elburgon
8 Juni 2025

Mama,

Barua yako ilikuwa fupi kama msumeno wa mkono, na ilikata vivyo hivyo.

Nitakuambia lile jambo. Utumbo wangu haujaunganishwa. Ulikuwa umevimba mno, na daktari alisema angeushona siku hiyo ungeachia, nami ningekufa. Basi ile ncha ya chini ameifunga, na ya juu ameitoa nje ya tumbo, upande wa kushoto. Ni kitu chekundu, kama mdomo wa chupa. Choo hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi. Hutoa sauti chenyewe, bila kuniomba ruhusa. Jumapili moja kanisani, watu wakiwa kwenye maombi ya kimya, kilinguruma. Benchi lote la mbele liligeuka. Sijarudi tena.

Kule kwenye dawa Nakuru nilikutana na mteja wa zamani aliyekuwa akituletea mbao kiwandani. Akalitazama shati langu lilivyotuna, akatazama kando. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa mbao zake.

Daktari anasema baadaye anaweza kuunganisha, nikimaliza dawa. Lakini dawa ya nini? Nimeiona ile karatasi ya maabara kwa macho yangu. Ncha safi. Tangu lini ubao uliokatwa hadi mahali safi ukakatwa tena?

Kuhusu kuja shuleni kwenu, ubao wenye tundu ni gredi ya tatu. Hauwekwi sebuleni wageni wakauona. Hujenga banda la kuku. Sikutaka wenzako waone babako ni gredi gani.

Sitati


Shuleni, Olenguruone
12 Juni 2025

Kwa Baba,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nililia kidogo, na mara mbili za mwisho nilikuwa natafuta makosa, kama ulivyonifundisha kutazama ubao pande zote.

Kosa la kwanza liko kwenye gredi. Nikiwa darasa la sita ulinionyesha ubao wenye matundu mawili. Ukasema hili limetobolewa na mdudu, ni kasoro, na hili limetobolewa na fundi ili apitishe bolti, si kasoro, ni kazi. Tundu lako limetobolewa na nani, Baba? Ulipewa na mdudu, au na Daktari Jepkemei ili usife?

Kosa la pili ni kubwa. Mwaka huo huo nilikuletea chakula kiwandani, nikakuta mmekata gogo lililokuwa na wadudu wanaotoboa mbao. Mlikata hadi mahali safi. Bado ukaamuru kila ubao wa gogo lile utumbukizwe kwenye tangi la dawa. Nilikuuliza kwa nini upoteze dawa kwa mbao safi. Nakumbuka ulivyojibu, kwa sababu uliinama hadi usawa wa macho yangu. "Mama, mimi ninaona mbao safi. Mayai ya mdudu siyaoni."

Zile tezi mbili ndizo vitundu vya mdudu. Zilikuwa nje ya uvimbe, maana yake ugonjwa ulikuwa umeanza safari. Daktari ameona ncha safi, lakini mayai hayaoni, ndiyo sababu anataka tangi. Umesahau nusu ya kazi yako mwenyewe.

Jambo jingine. Jumamosi tarehe 21 ni siku ya sayansi, na wazazi wamealikwa. Nimechaguliwa kuzungumza kwa dakika kumi kuhusu saratani ya utumbo mpana. Nilikuwa nimeandika habari zako kabla ya kujua habari ya mfuko. Nikisema ni wewe, nitakuaibisha. Nisiposema, nitakuwa nafundisha watu wasifiche huku nami nikificha. Ukinipa ruhusa nitakutaja. Usiponijibu nitasema "mgonjwa mmoja."

Hata nikisema hivyo, ujue moyoni nimekutaja.

Mwanao,
Immaculate Nangila


Nakuru
Jumanne, 24 Juni 2025

Mama,

Jumamosi tulisalimiana kidogo tu, lori lilikuwa linaondoka. Wewe uliyaona yote kutoka jukwaani. Acha nikueleze yalivyoonekana kutoka nyuma.

Barua yako ilinikuta Ijumaa, na jibu lisingewahi. Nikamwambia Maxwel anibebe mimi mwenyewe. Nilivaa lile koti kubwa la kiwandani na nikasimama kando ya tangi la maji, ambapo nikiona mambo magumu ningeweza kuondoka. Nikakuona unapanda. Sketi imepigwa pasi, mgongo umenyooka kama ubao wa futi kumi na mbili. Ulieleza utumbo, ukaeleza kukata, ukaeleza tezi. Mzazi mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Huyu anasoma udaktari tayari?" Nilitaka kumjibu, nikameza.

Ukasema "mgonjwa mmoja." Ulikuwa umeniahidi, na ulitimiza. Ndipo yule mwanamume wa kofia akainua mkono: "Mwalimu mdogo, na huyo mgonjwa wako yuko wapi? Ama alishaenda?" Watu wakacheka. Wewe ukatazama karatasi yako. Uwanja wote ukanyamaza.

Na ni hapo ndipo mfuko ukanguruma, Mama. Kama pikipiki inayokataa kuwaka. Vichwa vikageuka kunitafuta. Nilikuwa na njia mbili, ya geti na ya kujibu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Yuko hapa! Hajaenda popote! Mnayemsikia ndiye!"

Uliushika mdomo kwa mikono miwili, halafu ukaiondoa na kusema kwenye kipaza sauti, "Huyo ni Baba yangu, Sitati, mkaguzi wa mbao wa Elburgon." Miaka thelathini na moja nimeandika gredi kwenye mbao za watu, na sijawahi kusikia jina langu likisomwa hivyo.

Wewe hukuona kilichofuata. Yule wa kofia alikuja pale tangini, anaitwa Kiptum, ana shamba la viazi huko Keringet. Alizunguka zunguka, akasifu koti langu, akauliza bei ya mbao. Mwisho akanong'ona, "Mzee, hiyo damu... yako ilikuwa inatoka namna gani?" Nikamwambia, "Jumanne mimi naenda Nakuru. Tutakwenda wote."

Sasa ni Jumanne. Mimi nimekaa kwenye kiti, sindano iko mkono wa kushoto, wa kulia unakuandikia. Daktari alinikaripia kwa zile wiki nilizopoteza, sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba nimekuja kwenye tangi. Hakuelewa, nikamsomea kipande cha barua yako. Akaniuliza uko kidato gani.

Kiptum yuko nje anangoja kuingizwa kamera ya kuchunguza utumbo. Analalamika kwamba wamemnyima chakula tangu jana. Kila akilalamika namwambia nyamaza, unakaguliwa.

Babako,
Sitati


Nakuru, wodi ya upasuaji
Jumanne, 17 Februari 2026

Mama,

Mwaka huu uko kidato cha nne, kwa hiyo nitaandika kwa hati inayosomeka.

Dawa niliimaliza mwezi wa kumi na moja, ulizihesabu mwenyewe. Zile picha za mashine za mwezi jana hazikuonyesha ugonjwa mahali popote. Na Alhamisi Daktari Jepkemei aliniunganisha.

Nilimwambia sitoki wodini kabla hajanieleza kazi yake, maana nina mtoto atakayeuliza. Akavuta kiti. Alisema aliziachanisha zile ncha mbili na makovu ya mwaka jana, na hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu, kuliko hata kushona. Akazikutanisha bila kuzivuta, kwa sababu kiungo kinachovutwa hukosa damu, na kikikosa damu huachia. Kifaa cha duara kikazibana kwa pini ndogo, mzunguko mzima. Halafu wakajaza maji tumboni, wakapuliza hewa kutoka chini, wote wakatazama. Kama Maxwel anavyotafuta pancha ya tyubu kwenye beseni!

"Mapovu mangapi?" nikamuuliza.

"Hata moja."

"Na nani alikagua?"

"Mimi, na msaidizi wangu. Macho manne."

Nikamwambia siku akichoka na watu, Elburgon kuna kazi.

Hajaniambia nimepona. Atanitazama kila baada ya miezi michache, kwa miaka mitano, ndipo atasema. Ni haki yake. Hata mimi siandiki gredi ubao ukiwa bado una unyevu.

Kiptum alikuja kuniona jana. Saratani yake waliipata ikiwa ndogo, wakaitoa Julai kupitia matundu madogo madogo na kamera, wakamuunganisha hapo hapo. Hakuhitaji mfuko wala dawa. Alileta gunia la viazi, wauguzi wakamfukuza nalo. Amesema viazi hivyo ni vyako.

Sasa nikueleze la aibu. Baada ya kuunganishwa, hospitali nzima hungoja kitu kimoja, kwamba hewa ipite. Isipopita, kiungo kina shida. Siku tatu, kila asubuhi, muuguzi anayeonekana mdogo kuliko wewe alisimama miguuni pangu akauliza kwa sauti ya mnada, "Mzee Sitati, umejamba?" Mbele ya watu kumi na wawili! Siku ya kwanza niligeukia ukuta. Siku ya pili nilisema bado. Jumapili, watu wakisikiliza ibada kwenye redio, ilipita, ndefu, na haikuhitaji tangazo. Wodi nzima ikapiga makofi. Mzee wa kitanda cha tano akasema, "Amina." Mama yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka nikiwa nimeshika mshono, na sikuona haya hata kidogo. Niliona fahari, kama siku nilipokusikia jukwaani.

Mwambie Madam Cherop akitaka kuisoma barua hii darasani, aisome yote, hata hapo kwenye redio.

Limebaki moja. Tarehe tisa Februari mwaka jana uliniuliza swali, nikakujibu uongo, na uongo huo nusura unizike. Nimeibeba barua yako ndani ya koti tangu siku hiyo. Leo nalijibu.

Ndiyo, Mama. Kulikuwa na damu. Kwa miezi kumi na minne.

Uliza lingine.

Babako,
Sitati
Kitanda cha saba